Pampasi Moja, Kilo Moja ya Majani

Huku Kebirigo, kwenye milima ya Gusii nchini Kenya, pesa haihesabiwi kwa shilingi peke yake. Huhesabiwa kwa kilo za majani ya chai. Karo ya shule ina kilo zake, harambee ina kilo zake, hata soda ya mgeni ina zake. Ndiyo maana mtoto wetu alipozaliwa, mama alianza na hesabu kabla ya kuuliza kama kalala vizuri. Madukani pampasi huuzwa moja moja, shilingi 20 au 30 kulingana na saizi. Kilo ya majani mabichi nayo hulipwa shilingi ishirini na kitu kila mwezi, huku tukingoja bonasi.

"Basi huyu," akasema mama akimtazama mjukuu, "kila akikojoa, kilo moja imekwenda."

Hakuna aliyethubutu kumjibu. Mtoto wa kubadilishwa mara tano kwa siku anamaliza kilo 150 kwa mwezi: majani mawili na chipukizi moja, yamechumwa kwenye umande, yamebebwa mgongoni hadi kituo cha kupimia majani, halafu yakaishia kwenye choo cha shimo. Mke wangu, ambaye ndiye mwenye huo mgongo, aliafiki haraka. Tukanunua nepi za taulo, pini zenye vichwa vya rangi na suruali za plastiki za kuvalishwa juu.

Tukumbuke kwamba pampasi zililetwa na babu. Victor Mills, mhandisi wa kampuni ya Procter & Gamble kule Marekani, hakupenda hata kidogo kumbadilisha mjukuu wake nepi za kitambaa. Akawaambia wenzake kazini watafute njia, na mwaka 1961 Pampers zikaingia sokoni. Jambo hilo lisingetokea Kebirigo. Babu wa huku hawezi kuchoshwa na nepi, kwa kuwa hajawahi kuigusa. Harufu ikianza tu, anakumbuka ng'ombe ambaye hajanyweshwa maji.

Shida ya uvumbuzi wa babu Mills ni kwamba hauishi. Wahenga walisema mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Hawakujua kuna siku mtu atabaki palepale na mzigo ndio utakaorudi. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, mfuko uliondoka na pampasi ikabaki bila pa kujifichia. Ukiitupa chooni inafura na kujaza shimo. Ukiichoma inatoa moshi na haiishi. Ukiifukia, mbwa anaifukua. Mbwa wetu aliwahi kuileta moja uani wakati wageni wa kanisa wanafumba macho kuombea chakula, akailaza kwa adabu miguuni pa mhubiri. Ile amina ilikuja mapema kuliko ilivyopangwa.

Nepi ya kitambaa haina siri za namna hiyo. Kwa sababu haiwezi kuficha unyevu, inawalazimu wakubwa wambadilishe mtoto papo hapo. Pampasi huvumilia, ndiyo maana watu huiacha usiku kucha, asubuhi mapaja ya mtoto yameiva kwa upele. Nepi ikilowa, mtoto anajua, na aliyempakata anajua zaidi. Mimi nilijulishwa katikati ya mazungumzo ya mahari kwa jirani, nikiwa na suruali yangu ya kaki ya heshima. Zamu yangu ya kusema ilipofika, mke wangu alikuwa ameshamchukua mtoto na kuondoka naye. Nilisimama mbele ya wazee na ushahidi wote mapajani, mshukiwa hayupo. Mzee mmoja alinihurumia kweli. Alinishauri nisinywe chai nyingi kabla ya mikutano.

Kufua si kazi kubwa kwetu, maana maji ya mvua na ya chemchemi yapo. Kazi ni kuanika. Milima ya Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na nyingi husubiri saa nane mchana, nepi zikiwa zimebakiza pindo tu kukauka. Wakati mwingine inashuka mvua ya mawe. Majirani zetu wa Kericho wanasifika duniani kwa mvua hiyo. Katika miaka ya 1960 walirusha hadi roketi mawinguni ili kuokoa chai. Nepi hazijapata kupiganiwa kwa roketi. Zina mama, ambaye huusikia upepo wa ziwani kabla yetu sote na kupiga ukelele unaotoa hata watoto wa jirani mbio. Zisipowahiwa, humaliziwa juu ya meko, na hapo mtoto hunukia kama samaki wa kukaushwa.

Siku moja ya jua, nepi safi iliwekwa juu ya kikapu shambani, majani yakaongezwa, ikazama. Mama ndiye aliyepeleka mzigo kituoni. Karani akamwaga majani ayakague, akakutana na kitu cheupe. Akakiinua kwa vidole viwili, foleni nzima ikaona.

"Mama, hii ina majani mangapi na chipukizi ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mama akangoja kiishe.

"Kijana wangu, hiyo ni safi kuliko gunia lako. Ipime. Tangu mtoto azaliwe, hiyo moja imeniokolea kilo nyingi kuliko hizo unazozikagua."

Karani hakuipima, ila aliikunja vizuri na kumrudishia kwa mikono miwili.

Hata Waingereza wamekuja kukubaliana na mama. Utafiti wa serikali yao wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba nepi ya kitambaa huchangia joto la dunia kidogo kuliko pampasi ikifuliwa pamoja na nyingine nyingi, ikaanikwa nje kambani badala ya kukaushwa kwa mashine, na ikatumiwa tena na mtoto wa pili. Mama hajausoma utafiti huo. Mwanetu alipoanza kwenda chooni mwenyewe, magokoro, yaani nyanya yake, alizichemsha nepi zote, akazipiga pasi ya makaa, akazipanga sandukuni. Tangu hapo, kila bonasi inapokaribia, analifungua sanduku mbele ya mke wangu, anazihesabu kwa sauti, kisha ananigeukia na kuuliza kama zitalala humo mpaka lini.