Mjomba, Tupe Hadithi: Mwongozo kwa Mgeni wa Mgeta

Umetoka Dar, umebadilisha gari Msamvu mjini Morogoro, umepanda hadi Mgeta kuwasalimia mama na dada yako. Umekula, umeota moto, na sasa watoto wa dada wamekuzunguka jikoni wanadai hadithi. Huna hadithi. Usiogope. Kutunga papo hapo ni kazi nyepesi ilmradi ufuate kanuni, na kanuni zenyewe anazijua kila mtu aliyemo humo jikoni isipokuwa wewe.

Kwanza, angalia jua limefikia wapi. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ni mwiko kusimulia ngano mchana. Sababu wanazopewa watoto ni za kutisha. Sababu ya wazazi ni kwamba mchana kuna karoti za kung'oa. Subiri giza liingie kabisa. Ukianza mapema, utakabidhiwa jembe.

Pili, fungua kwa sauti. Sema “Paukwa!”, ngoja wajibu “Pakawa!” Hapo wamekupa ruhusa ya kudanganya, na wamekupa kwa furaha. Lakini isikilize vizuri ruhusa hiyo, maana ina mipaka ambayo haikutajwa. Sungura anaweza kuvaa suti na kwenda kukopa. Fisi anaweza kuposa. Zimwi linaweza kumeza kijiji kizima, likapasuliwa tumbo, na watu wakatoka wazima na kuku wao. Hakuna atakayekunja uso. Ila ukisema Sungura aliondoka Nyandira kwa miguu akafika Kinole kabla chai haijapoa, utasimamishwa hapohapo. Kati ya Nyandira na Kinole pamelala safu ya milima ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu kina zaidi ya mita 2,600. Watoto watataka kujua alipita njia gani, na alivaa nini, maana kule juu kuna baridi. Vivyo hivyo usimfanye Fisi aibe karafuu katika shamba la Mgeta. Karafuu na mdalasini ni mambo ya Kinole na Matombo. Mgeta ni kabichi, njegere na plamu. Ukichanganya, wataita “Mwongo!”, na safari hii hawatakuwa wanakusifu.

Kuhusu wahusika, usijisumbue. Milima hii ina viumbe wasioonekana kwingine kokote duniani, akiwamo ndege chozi wa Loveridge, na wataalamu husafiri kutoka mbali kumtafuta. Hakuna mtoto hata mmoja atakayekuuliza habari zake. Leta Sungura.

Tatu, usilete bahari. Kile kisa cha kima na papa ulichosikia pwani kiache pwani. Morogoro ni mji kasoro bahari, jina hilo wanalijua hata wasiojua kusoma, na papa wako ataulizwa amefikaje. Usijaribu kumtupa katika Bwawa la Mindu; mji unakunywa maji hayo. Simba naye anahitaji hoja. Simba wako Mikumi, hifadhi tangu 1964, na kila aliyepita barabara kuu ya kwenda Iringa amewatafuta dirishani. Akipanda Mgeta, lazima kuna kilichompandisha. Tayarisha sababu mbili, kwa kuwa ya kwanza itakataliwa.

Nne, ukiamua kumuua chifu, fikiria nani atakalia kiti. Vitabu vya shule vimekuzoesha kumpa mwanawe. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na mrithi ni mpwa, mtoto wa dada. Wanaokuuliza hapa wamekulia karibu na habari za kina Kingalu, machifu wa Kinole waliosifika kwa kuleta mvua, ambao hata soko kuu la Morogoro limepewa jina lao. Mwanamfalme wako atatawala kwa muda wa sentensi moja, kisha mtoto wa miaka sita atauliza mpwa yuko wapi. Na jambo jingine: katika ukoo, mjomba ndiye mwenye usemi. Ukimfanya mjomba wa kwenye hadithi awe mlafi, macho yote yatahamia kwako, na nyama bado iko chunguni.

Tano, na hapa ndipo wengi huanguka: usitaje kitu usichokihitaji. Tuseme umejipanga. Una kijana jasiri, una zimwi lenye jicho moja linalokaa pangoni chini ya Lupanga, una hirizi iliyopotea. Vizuri sana. Kijana yuko njiani, na wewe, kwa kupamba tu, unasema alimpita mbuzi mweusi aliyefungwa kwenye mfenesi. Hapo hadithi yako imekwisha.

“Alimfungua?” Hapana, alikuwa na haraka. “Mbuzi wa nani?” Hatumjui mwenyewe. “Amefungwa tangu lini?” Tangu asubuhi. “Amekunywa maji?” Sasa umekwama. Kijana atalazimishwa kurudi. Zimwi litakaa pangoni likisubiri, na kadiri unavyolitaja ndivyo watakavyokukumbusha kwamba mbuzi ana kiu. Usimuue mbuzi: mdogo wao atalia, na mama yake ataingia kuuliza umewafanya nini watoto. Usimfanye aseme, maana sauti utakayompa leo utadaiwa kila usiku mpaka uondoke. Wala usiseme ghafla kwamba mbuzi ndiye zimwi. Wamelikisia hilo kabla yako na wamelikataa. Mfungue, mnyweshe, mchukue safarini. Na kumbuka rangi yake. Kesho utasema alikuwa wa kahawia, na kesi itaanza upya.

Weka wimbo. Hadithi isiyo na kiitikio ni taarifa ya habari. Kiwe kifupi, na kisiwe na jina la jirani, kwa sababu kitaimbwa bombani kesho asubuhi.

Sita, Kolelo umwache. Utashawishika: una pango, una giza, na kule Kolero kuna pango maarufu la joka Kolelo, ambalo sifa zake zilivuka milima zikafika hadi Uzaramo. Wakati wa vita vya Maji Maji, mwaka 1905, watu waliambiana kwamba Kolelo amekataza kuwalipa Wajerumani kodi. Joka lililowahi kuingilia mambo ya kodi si la kuazimwa kwa ajili ya kuwalaza watoto. Tunga joka lako, lipe jina la kijinga, lipeleke mbali. Hakuna atakayekukanya ukikiuka hili. Watanyamaza tu, wote kwa pamoja, na utajua.

Kuhusu ubishi. Watoto hawakai kusikiliza. Wanampangia kijana wako la kufanya, na nusu yao wanapinga nusu nyingine. Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walilishughulikia tatizo hili mwaka 1974, walipotoa mchezo wa Dungeons & Dragons. Msimulizi mmoja anaujenga ulimwengu, wachezaji mezani wanaamua wahusika wao wafanye nini, na jambo likibishaniwa kete inarushwa. Iliyo mashuhuri zaidi ina pande 20. Ni utaratibu mzuri kwa watu wasio na bibi. Wewe unaye, kakaa pembeni anachambua mboga. Mbuzi anaweza kuvuka mto uliofurika? Mtazame mama yako. Akisema “mh”, hawezi. Akiendelea kuchambua, anaweza. Usikate rufaa.

Saba, jiandae kwa mwisho, ambao hutaufikia. Itafika mahali kijana yuko ng'ambo ya mto, hirizi iko kwa Sungura, zimwi limesahauliwa, na mbuzi amezaa bila wewe kupanga. Utasema “basi wakaishi raha mustarehe”, na watauliza nani. Hapo mama atakung'uta majani mapajani, atakohoa, na kusema huyo mbuzi alikuwa wa dada yake chifu. Kwa sentensi tatu atakuwa amelitoa zimwi pangoni, amempa mpwa kiti, na amemrudisha Sungura na aibu yake. Usiulize amejuaje. Ukimuuliza, atakwambia ndivyo alivyokusimulia wewe ulipokuwa mdogo, na huna ushahidi wa kumpinga.

Kesho jioni watarudi. Ukitaka kukwepa, tafuta kisingizio chochote ila usiseme una gari la usiku la kwenda mjini. Ratiba wanaijua kuliko utingo.