Kutoka Twiga hadi Ndovu

Nina miaka 52 na nina mashilingi. Si ya mfukoni, hayo ningeyakaribisha. Ni yale ya kichwani, ya watoto wa darasa la pili, yanayoacha kiraka cha duara kama sarafu.

Namshuku kinyozi mmoja wa Kitale. Nilikuwa nawahi matatu ya Bungoma kwenda kumposea mpwa wangu, nikaona heri nipunguze nywele. Aliyenitangulia kitini alikuwa mvulana wa shule. Mashine ikapigwa mswaki mara mbili, ikapulizwa kwa mdomo, ikapandishwa kwangu. Nikalipa mia yangu na ahsante juu.

Kiraka kilianza kikiwa twiga. Kikawa kifaru, kikawa simba, na tuliporudi Kanduyi kuongea mahari kilikuwa ndovu kamili. (Waliosahau sarafu zetu za 2018 wajipapase mifukoni.) Nilikuwa msemaji wa familia, lakini wakwe walisikiliza utosi wangu. Shemeji yangu akanivuta kando na chupa ya mafuta taa. Nikakimbilia zahanati.

Foleni ilikuwa ya akina mama na watoto. "Mzee, wako yuko wapi?" mmoja akaniuliza. Nikavua kofia.

Daktari akasema hakuna mdudu, ni kuvu. Hula keratini, ile ile inayotengeneza kucha, na unywele hukatikia pale pale kwenye ngozi. Mtu akishabalehe mafuta ya kichwa humkinga, kwa hiyo watu wazima huugua kwa nadra. Nadra yenyewe ndiyo mimi. Kupaka dawa peke yake hakufui dafu, maana kuvu imejichimbia kwenye shina. Ni vidonge vya griseofulvini, wiki 6 hadi 8. Na kwa kuwa nywele hurefuka kama sentimita 1 tu kwa mwezi, kofia niizoee.

Neno moja tu lilinifariji: vidonge vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta, ndipo mwili uvipokee vizuri. Nikapitia soko la Chwele, nikarudi Kitale na jogoo kwapani.

Mama Wekesa akaisoma karatasi ya daktari, akaigeuza, akaisoma tena.

"Baba Wekesa, hapa pameandikwa 'au maziwa'."

Jogoo anawika kila alfajiri, akiniamsha nikameze kidonge.