Shangazi wa Jukwaani: Noti Ndani ya Gitaa

Mkoba wa barua wa Shangazi umefurika wiki hii, na shida zote zina sura moja. Wanaoandika ni wapenzi wa wasanii wa kujitegemea: wale wanaotunga wenyewe, wanaoimba wenyewe na mara nyingi wanaobeba spika wenyewe kutoka kwenye teksi. Kila mmoja alikwenda kumwona kipenzi chake jukwaani kwa macho yake. Kila mmoja amerudi na kidonda.

Wa kwanza anajiita "Nimedhulumiwa", wa Tanga. Wimbo mmoja ameusikiliza kwenye simu mwaka mzima, asubuhi ndani ya daladala na usiku kabla ya kulala, hata anajua ni wapi mwimbaji anavuta pumzi. Februari akavuka bahari mpaka Unguja ili ausikie kutoka kinywani mwa mwenyewe. Mwenyewe akaupiga polepole, bila ngoma, ubeti wa pili akauruka. Msomaji anauliza kama anaweza kudai nauli yake.

Nauli imekwenda, anasema Shangazi, kisha anamsogezea kiti amsimulie habari za Ayub Ogada, Mkenya aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956. Wimbo wake "Kothbiro", yaani mvua yaja kwa Kijaluo, ulirekodiwa kwanza katika miaka ya 1970 na bendi iliyoitwa Black Savage. Mwaka 1986 Ogada alihamia Uingereza, akawa anapiga nyatiti kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi za London akitegemea sarafu za wapita njia. Miaka miwili baadaye akaalikwa kwenye tamasha la WOMAD. Albamu yake ya mwaka 1993, En Mana Kuoyo, ikaurudisha wimbo uleule ukiwa umevuliwa karibu mapambo yote: sauti ya mtu na nyuzi nane za nyatiti ndizo zilizobeba mzigo. Ni Ogada huyo wa nyatiti aliyesikika mwaka 2005 katika filamu ya The Constant Gardener. Shabiki wa Black Savage ambaye angekwenda kushitaki mwaka 1993 kwamba wimbo wake umeharibiwa, Shangazi anaamini, mpaka leo angekuwa anazungushwa na karani kuhusu faili.

Isitoshe, tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar mwezi wa Februari tangu 2004, limeshikilia sharti moja tangu mwanzo: muziki upigwe laivu. Kufungulia CD na kufumbua mdomo hakukubaliki pale Ngome Kongwe. Aliyevuka bahari akitaka wimbo ufanane na wa kwenye simu, alikuwa nao mfukoni tangu alipopanda boti.

Barua ya pili ni ya "Mkono Mtupu", wa Mombasa, na inamfanya Shangazi aweke kikombe chini. Bibi huyu amekulia kwenye taarabu. Anajua kutunza: mtu anainuka kitini, anatembea kwa madaha, noti ameishika wazi ili hasidi wake aliyeketi safu ya tatu aione vizuri, anamkabidhi mwimbaji, anarudi akijipepea. Basi kijana na gitaa lake alipofika kwenye ubeti uliomchoma moyo, bibi akainuka. Kufika mbele, akakuta mikono yote miwili ya mwimbaji ina kazi. Hakutaka kurudi na noti, ingekuwa fedheha. Akaitumbukiza kwenye tundu la gitaa. Wimbo ulisimama dakika tatu, gitaa likapinduliwa na kutikiswa kama kibubu.

Shangazi hamlaumu kwa moyo, anamlaumu kwa hesabu ya mikono. Mwimbaji wa taarabu husimama na kipaza sauti mkono mmoja, nyuma yake kuna bendi nzima, na kiitikio kinaweza kurudiwa mpaka watunzaji wote wamalize maringo. Anayeimba huku akipiga chombo hana nafasi hiyo. Hata Siti Amina wa Siti and the Band, aliyesomea muziki katika Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi huko Unguja, na ambaye jina lake linawakumbusha wengi Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, anapoukumbatia udi wake hana mkono wa kupokea noti. Bibi angoje nyuzi zinyamaze. Karibu na mlango huwa kuna meza yenye CD na fulana. Madaha yote ayapeleke huko, na hasidi akiwa bado yupo, ahakikishe amenunua mbili.

"Nina Ushahidi", wa Morogoro, amerekodi onyesho zima, dakika tisini, lakini akiifungua video anasikia sauti yake mwenyewe tu. Shangazi anampongeza kwa albamu yake ya kwanza.

Wa mwisho ni "Nilimpenda wa Kwanza", wa Nairobi. Zamani, analia, walikuwa watu ishirini chini ya mti na mwimbaji aliwajua kwa sura. Juzi alikuta umati, na binti wa pembeni akaimba maneno yote bila kukosea. Anahisi ameletewa wake wenza.

Ameletewa kweli, na Shangazi hamfichi. Ila watu ishirini hawalipi fundi mitambo. Tamasha la Blankets & Wine, lililoanzishwa na Muthoni Drummer Queen jijini Nairobi mwaka 2008, lisingefika mbali kwa mablanketi ya marafiki peke yao. Na Sauti za Busara, pamoja na sifa zake zote, haikufanyika mwaka 2016 kwa sababu fedha hazikutosha. Mwaka huo kila shabiki alikuwa na msanii wake peke yake, nyumbani, kwenye simu. Kwa hiyo aende mapema, atandike, na amsogezee nafasi yule binti. Kama kanga yake ni pana, amwachie Shangazi pembe moja: ya kwake aliisahau Ngome Kongwe, na walinzi wanasema hawajaiona.