Barua ya Wazi kwa Studio za Amazon: Mlima Wenu Umelipuka, Watu Wamejipangusa Vumbi

YAH: MAONI YA WATAZAMAJI WA CHINI YA MLIMA MERU KUHUSU "THE RINGS OF POWER"

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni watazamaji wa Arusha, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River. Tamthilia yenu tuliipata kwa njia mbalimbali: wenye kadi za benki waliilipia, wengine waliwekewa kwenye flashi na kijana wa kibandani. Mawakili wenu wanaombwa kuiruka sentensi hiyo. Muhimu ni kwamba tumeitazama yote, na wapo walioirudia ikiwa na sauti ya mtafsiri, ambaye mara nyingi alijua kuliko mwandishi kwa nini wahusika wamenuna.

Tunafahamu kwamba Septemba 2022 maoni ya watazamaji yalipoanza kumiminika, mliyazuia kwa saa 72 ili myachambue kwanza. Haya yetu yamekaa zaidi ya hapo, kwa hiyo yameiva.

Lile lililowagombanisha wenzetu wa Ulaya na Marekani tulimalize upesi. Wapo walioudhika kwamba Ismael Cruz Córdova amepewa masikio marefu na Sophia Nomvete amekuwa mke wa mwana wa mfalme chini ya mlima, ilhali wote wawili si weupe. Walidai J.R.R. Tolkien, mwandishi wa hadithi zenyewe, asingekubali. Tolkien alizaliwa Bloemfontein, katika Afrika Kusini ya leo, mwaka 1892. Huyo ni mtoto wa nyumbani aliyeondoka mapema, na asichokubali tutakimaliza kifamilia.

Tuje kwenye fedha. Msimu wa kwanza uliwagharimu takriban dola milioni 465, mbali na zile milioni 250 hivi mlizotoa kununua haki za hadithi. Kwa shilingi ya wakati ule, milioni 465 ni zaidi ya trilioni moja kwa vipindi vinane. Mtaalamu wetu wa mahesabu, konda mstaafu wa daladala, amegawanya kichwani akapata kwamba dakika moja ya tamthilia ni kama bilioni mbili. Juni 2020 mchimbaji wa Mererani, Saniniu Laizer, aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanite, zaidi ya kilo 14 kwa pamoja, akalipwa shilingi bilioni 7.7. Nchi nzima ilisimama, Rais akampigia simu. Kwenu hizo hazifikii dakika nne, na tunahofu ni zile dakika ambazo Galadriel, shujaa wenu, anaogelea.

Hatuwaonei wivu. Tulitaka tu kujua kama katika trilioni ile kulibaki nauli ya kumleta mtu mmoja kuuliza wanaoishi chini ya mlima wa namna ya ule mlioulipua.

Maana mlima tunao. Meru ina urefu wa zaidi ya meta 4,500, ni volkeno iliyolala, na mara ya mwisho ilipotoa majivu ilikuwa 1910. Zamani sana ubavu wake wa mashariki ulimeguka ukateremka kama tope, na maziwa ya Momella ambayo watalii hupigia picha flamingo yamekaa juu ya kifusi hicho. Jirani yake, Ol Doinyo Lengai, aliamka 2007. Yalitangulia matetemeko yaliyosikika hadi Nairobi, yakafuata majivu juu ya malisho, wafugaji wakahamisha mifugo.

Sasa kipindi chenu cha sita. Upanga unafungua bwawa, maji yanapita kwenye mahandaki, yanaingia tumboni mwa mlima, mlima unalipuka. Hapo hatuna ugomvi. Maji na mwamba ulioyeyuka havijawahi kupatana. Lakini wingu la moto linashuka kijijini, na Galadriel amesimama akilisubiri, macho wazi, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kipindi cha saba anaamka, anajipangusa, anaanza safari. Wingu la aina hiyo lina joto la mamia ya nyuzi na hukimbia kuliko gari. Muuza mahindi ya kuchoma wa Tengeru, mtu mwenye uzoefu wa moto, ameomba tuwaulize nywele za Galadriel zilisalimika vipi. Wenye ng'ombe, wao hawakuuliza habari za Galadriel kabisa. Waliuliza mifugo imekwenda wapi, kisima kimefunikwa au la, na watu watakula nini mwezi ujao.

Kuna pia suala la meno. Kila mtu mbaya katika tamthilia yenu ana meno ya kahawia. Volkeno hizi zimetuwekea fluoridi kwenye maji, na wenzetu wengi wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki wana meno ya rangi hiyo hiyo tangu utotoni. Wanauliza kama mtawalipa kwa kutumia sura yao.

Kuhusu migodi tuliwaalika wanaapolo, yaani wachimbaji, wa Mererani, na hao ndio waliotuchelewesha kuandika, kwa sababu walisimamisha picha kila baada ya dakika mbili. Wale wafupi wenye ndevu wanachimba mithril, madini ya thamani yanayotoka mlima mmoja tu. Mpaka hapo wageni wetu walijiona wako kazini. Kisha wakaanza: pampu ya hewa iko wapi? Mbona hakuna vumbi? Wachimbaji wanalishwa na nani wakati wanangoja mgawo, au wanalipwa mshahara, na kama ni mshahara, nafasi zipo? Na inakuwaje watu wachimbe mlima miaka yote hiyo pasitokee mtobozano hata mmoja, jirani akaibukia shimoni mwako na nyundo mkononi? Kilichowashinda kabisa ni pale Durin, mwana wa mfalme wao, anapompa mgeni wake Elrond kipande cha mithril, na Elrond anatoka nacho hivi hivi. Mererani tangu 2018 imezungushiwa ukuta wa zaidi ya kilomita 24. Pale getini Elrond angevua hadi viatu. Walichokipitisha bila mjadala ni Disa, mke wa Durin, kuuimbia mwamba, kwani kila anayeshuka shimoni anajua mwamba hubembelezwa.

Lakini jambo lililotufanya tuandike ni wale watu wa Kusini, ambao nchi yao inageuzwa Mordor. Wanaamka wana mashamba na nyumba, jioni hawana kitu, na ardhi yao imepewa wengine. Wanafanyaje? Wanatembea. Wanafuata watu wenye farasi. Hakuna anayeuliza kwa amri ya nani.

Waheshimiwa, habari hii tunaijua bila msaada wenu. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, upande wa kaskazini wa mlima huu, ili ardhi iwe ranchi za walowezi. Nyumba zilichomwa. Hapakuwa na wingu la moto wala upanga wa kufungulia bwawa. Kulikuwa na askari na karatasi yenye mhuri. Na watu hawakutembea tu. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, na mwaka 1952, pamoja na wakili Earle Seaton kutoka Bermuda, akaifikisha kesi yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudi na ardhi. Lakini Tanganyika nzima ilikuwa imesikia kwamba mkulima wa Meru anaweza kumshtaki mkoloni mbele ya dunia, na chama cha TANU kilipoanzishwa 1954 kilikuta watu huku wameshazoea mikutano.

Ninyi mlikuwa na Bronwyn, mganga wa kijiji, mwanamke aliyewasimamisha wenzake wakapigana. Alifaa kabisa kwenda kumuuliza malkia wa wale wenye farasi maswali. Mkamwua kati ya msimu wa kwanza na wa pili. Sisi tulialikwa mazishini tu.

Tumesikia mliiacha New Zealand, pamoja na kwamba ilikuwa ikiwarudishia sehemu ya gharama, mkahamishia kazi Uingereza. Mkichoka na huko, Momella ipo. Mwongozaji Howard Hawks alikuja na John Wayne kupiga filamu ya "Hatari!", iliyotoka 1962, wakakimbiza vifaru wa kweli, na mwigizaji mwenzake Hardy Krüger akapapenda akanunua shamba.

Ila msije na majivu ya kompyuta peke yake. Kabla hamjahamisha kijiji kingine, mwandishi wenu aisome kesi ya ardhi ya Meru. Kirilo na Seaton waliiandikia kitabu, kikatoka 1967. Halafu muwape watu wa Kusini mtu wa kwenda kudai.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Watazamaji wa chini ya mlima, Arusha