Namna ya Kuhudhuria Mihadhara Yote Bila Kujifunza Chochote

Mdogo wangu, hongera. Umepata ufadhili wa kusoma katika chuo kidogo cha sanaa huria huko Marekani, na shangazi zako wameanza kuuliza utarudi daktari au mwanasheria. Waambie wasubiri. Chuo chenyewe hakitakulazimisha kuchagua somo kuu mpaka mwaka wa pili ufike ukingoni. Kabla ya hapo utasoma fizikia asubuhi, Kigiriki cha kale mchana, na jioni utagonga ala za shaba za Kijava ukiwa umekaa chini pekupeku, na yote hayo yataandikwa kwenye cheti kwa uzito uleule.

Usidhani ni mzaha wa matajiri. Wangari Maathai alipofika Atchison, Kansas, mwaka 1960, kwenye chuo cha masista Wabenediktini cha Mount St. Scholastica, alichukua biolojia, akaongeza kemia, kisha akaongeza Kijerumani. Alihitimu mwaka 1964, na Kijerumani hicho hakikuoza: miaka michache baadaye alikwenda Giessen na Munich kwa utafiti wa udaktari.

Lakini masomo si tatizo, kwa kuwa masomo yana mitihani na mtihani unajulikana namna ya kuukwepa. Tatizo ni mihadhara ya hadhara. Chuo cha wanafunzi elfu mbili, katika mji wenye benki moja na maduka mawili ya kahawa, hakina pengine pa kukupeleka Alhamisi jioni. Kwa hiyo kitakuletea mtu. Wiki hii anakuja mtaalamu wa barafu, wiki ijayo mshairi, wiki ya tatu profesa wenu mwenyewe aliyerudi kutoka likizo ya utafiti na anayedaiwa maelezo ya alikokuwa. Kwingine, Berea kule Kentucky kwa mfano, kuhudhuria kunahesabiwa kwenye alama. Mwongozo huu utakusaidia uende na urudi salama, kichwa kikiwa kama kilivyokuwa.

Anza na bango. Mhadhara wa historia au fasihi huwa na anwani yenye nukta mbili katikati. Kabla ya nukta mbili huwekwa nomino tatu zisizojuana. Baada yake ndipo pana habari yenyewe. Ukiona "Chumvi, Kicheko na Himaya: Ushuru wa Ndoo katika Bandari Moja, 1740–1760", elewa kwamba kicheko hakitakuwapo. Mwanauchumi huandika anwani ya swali, na jibu lake, utakalolipata baada ya dakika hamsini na grafu nyingi, ni kwamba inategemea. Mwanabiolojia hana mapambo: protini moja, nzi wa matunda, basi. Huyu wa mwisho mwogope kuliko wote, maana anapenda sana nzi wake, na mapenzi ya namna hiyo yanaambukiza.

Chini kabisa ya bango utakuta jina la marehemu. Huyo ndiye anayelipa. Familia yake iliweka fedha benki miaka mingi iliyopita, faida ikawa inaleta mgeni kila mwaka, na chuo hakina ruhusa ya kuzitumia kutengeneza paa. Usiidharau mifuko hii. Chuo cha Westminster, mjini Fulton, Missouri, kilikuwa na mmoja wa kumkumbuka mwanasheria John Findley Green. Mkuu wa chuo akamwalika Winston Churchill, ambaye wapiga kura wa Uingereza walikuwa wamempa nafasi ya kupumzika mwaka 1945. Rais Truman, mwana wa Missouri, akaongeza maneno yake kwa mkono chini ya barua, akiahidi kumtambulisha mgeni yeye mwenyewe. Basi Machi 5, 1946, Churchill akasimama katika jumba la michezo la chuo hicho kidogo na kutangaza kwamba pazia la chuma limeshuka katikati ya Ulaya. Ningependa kujua waliobaki bwenini kufua soksi waliwaambia nini wajukuu zao.

Miezi miwili baadaye Albert Einstein, aliyezoea kukataa mialiko ya vyuo, alikwenda Lincoln, Pennsylvania, chuo cha Weusi ambako Kwame Nkrumah alihitimu mwaka 1939. Akapokea shahada ya heshima, akasema wazi kuwa ubaguzi wa rangi ni ugonjwa wa Wazungu, kisha akachukua chaki na kuwafundisha vijana uhusianifu ubaoni. Magazeti makubwa hayakujisumbua. Unaona hatari ilivyo? Hujui ni Alhamisi ipi.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Mhadhara wa mchana una piza. Wa saa kumi na nusu una jibini iliyokatwa vipande vidogo na karoti mbichi. Wa usiku una mvinyo ambao hutauona. Fika mapema, ondoka umeshiba.

Kaa safu ya tatu kutoka nyuma. Safu ya mbele ni ya wazee wastaafu wa mji, na usiwachezee: wamekisoma kitabu cha mgeni, mara nyingine wamekisoma kuliko profesa anayemkaribisha. Huyo profesa naye atasoma wasifu wa mgeni wote, tuzo kwa tuzo, huku mgeni akitazama viatu vyake. Huo ndio wakati wako wa kusinzia kihalali.

Sasa sikiliza hatari kubwa kuliko zote, na inakuhusu wewe zaidi ya wenzako. Siku moja atakuja mtaalamu wa mageuzi ya viumbe, ataonyesha ziwa kwenye picha, na ziwa litakuwa Victoria. Ataeleza kwa sauti ya ibada kwamba samaki wadogo wa mle ndani waligawanyika kuwa mamia ya spishi katika muda ambao kwa wanajiolojia ni kufumba na kufumbua. Picha inayofuata ni furu. Furu yuleyule wa nyumbani Mwanza, uliyemtafuna na mifupa yake kwa ugali. Kisha atafika kwenye sangara, aliyepandikizwa ziwani enzi za wakoloni, na jinsi alivyowafagia furu kufikia miaka ya 1980. Ukumbi utahuzunika. Mtu mmoja atageuka kukutazama, kisha wawili, kisha safu nzima, kana kwamba wewe ndiye uliyemwaga sangara.

Hapo utashawishika kunyoosha mkono. Kataa. Ukumbi una watu wa kazi hiyo. Kuna bwana ambaye swali lake lina sehemu tatu na hakuna hata moja inayoishia na alama ya kuuliza. Kuna mwanafunzi wa mwaka wa nne atakayeuliza kuhusu mtu aliyemsoma jana. Ikibidi kabisa useme, yapo maswali ya akiba: kwa mwanahistoria, uliza habari za wale ambao nyaraka haziwataji; kwa mwanasayansi, uliza ukubwa wa sampuli. Atajibu, "Swali zuri sana," maana yake anatafuta la kusema, na nyote mtakuwa mmetimiza wajibu.

Ila usije ukauliza unachotaka kujua. Usiulize, kwa mfano, kwa nini bibi yako alikuwa akisema furu fulani waliadimika kabla sangara hajajaa, na kama maji yaliyochafuka yalichangia. Mgeni ataacha kutabasamu. Atavuta kiti, atakuuliza bibi alivua upande gani wa ziwa na kwa nyavu zipi, na mzee wa safu ya mbele atageuza kifaa chake cha kusikia kuelekea kwako. Yule profesa wa Kigiriki, aliyekuja kwa sababu mwenzake wa biolojia naye huenda kwenye mihadhara yake, ataanza kuandika kitu. Katika chuo kikubwa ukumbi ungekuwa umejaa wataalamu wa samaki na hakuna ambaye angekushughulikia. Hapa samaki wanasikilizwa na watu wa Homer, ndiyo maana mambo huharibika namna hii.

Ukishafanya kosa hilo, utaalikwa chakula cha jioni pamoja na mgeni. Ni desturi, na huwa wanatafuta mwanafunzi mmoja au wawili wa kujazia meza. Nenda. Vaa koti, maana mikahawa ya huko ina baridi ya makusudi. Mgeni atakuuliza unafikiria kusomea nini. Usipokuwa na jibu, usimdanganye. Menyu ikifika, agiza samaki wa bei ya juu bila kuona aibu. Marehemu analipa.