Heshima ya Mzinga

Mkazi wa Rombo, huku Kajiado, akipata nauli hushuka Taveta, akapita Voi na kufika Mombasa kupiga picha mbele ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Si vibaya. UNESCO iliitia katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, na kuta zake zinapendeza machoni. Ila wanaosifu ukarabati husahau kwamba Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958, na kwamba fedha za kuigeuza makumbusho zilitoka kwa Wakfu wa Gulbenkian wa Lisbon. Waliojenga ukuta wakatoa hela za kuupangusa vumbi, nasi tukaachiwa kazi ya kukata tiketi.

Kuna atakayeuliza: Kajiado haina ngome, tutazame nini? Kajiado ina Olorgesailie, kando ya barabara ya Magadi, ambako Mary na Louis Leakey walianza kufukua mashoka ya mawe miaka ya 1940, zana za binadamu wa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Hayo ni mawe tu, atasema. Kweli, na Fort Jesus ni matumbawe tu. Tofauti ni mzinga: pasipopigwa watu risasi, inaelekea, hapana historia. Enyi walimu wa Kitengela mnaokodi basi kwenda Mombasa kila mwaka, safari hii mwambieni dereva ashike njia ya Magadi. Ni ndani ya kaunti yenu.