Bima Yangu Inasubiri Meli Izame

Jamani, hivi mnajua kwamba bima ya mzigo ina A, B na C, utadhani chekechea? Mimi sikujua, na sioni nani alitakiwa kunijulisha kama siyo watu wa bima wenyewe. Wakala wangu wa Kariakoo alisema, "Mzee, tivii inatoka Guangzhou, kontena la kuchangia, kata bima ulale." Nikaulizia ya bei chee. Nikakata. Nikalala.

Tivii ikafika Mbagala kwa kigari cha Kirikuu. Kijana akatoa karatasi, saini hapa mzee. Nikasaini kwa madaha, majirani wanaangalia. Kumbe imeandikwa nimepokea mzigo ukiwa salama. Sasa boksi limefungwa gundi kote, ningeonaje ndani? Mimi mashine ya eksirei?

Jioni mtaa mzima sebuleni kwangu, Simba na Yanga. Nawasha. Juu picha safi, chini giza, ufa umekatiza katikati. Mechi nzima tukaangalia wanaume wasio na miguu. Bao likaingia, hatujui kafunga nani, tunaona mabega yanakumbatiana tu. Muuza duka akaniuliza, kwa upole kabisa, kama sauti nayo nimeletewa nusu.

Basi nikaenda bima. Dada wa kaunta hana neno, anatabasamu, na hilo tabasamu ndilo lililonimaliza. Invoisi? Ninayo. Hati ya shehena? Iko kwa wakala. Picha za boksi kabla hujalifungua, Baba? Nani anapiga picha boksi, jamani? Na boksi lenyewe? Hapo nikakohoa. Kwenye boksi ametamia kuku wa mama watoto.

"Mkaguzi lazima alione. Mzigo uliofungashwa vibaya haulipwi." Haya, aje na tai yake amwinue yule kuku. Mimi mwenye nyumba ananidonoa.

Akaendelea. Eti pale kwenye karatasi ya kupokelea ningeandika kwamba sijakagua ndani. Eti hitilafu iliyojificha, mwenye meli aandikiwe ndani ya siku 3. Siku 3 zenyewe nilizimaliza nikiichomoa na kuichomeka tivii, labda itapona.

Kisha akafungua masharti. Yametungwa London, yakarekebishwa 2009, yanakuja kunitesa mimi Mbagala. Bima yangu ni C. C inalipa moto. Inalipa meli ikizama, ikikwama, ikigongana. Inalipa mzigo ukitoswa baharini ili meli ipone. Inalipa hata gari la mzigo likipinduka njiani. Kioo kupasuka kwa kubamizwabamizwa? Hiyo iko A.

"Kwa hiyo Kirikuu ingepinduka, ningelipwa?"

"Kama ndiyo ingevunja tivii, ndiyo, Baba."

Na yule kijana nilimpa hela ya soda kwa kuendesha taratibu! Tena nilimsifu mbele za watu!

Halafu ningelipwa vizuri, ndicho kinachonitoa machozi. Bei ya tivii, nauli, gharama ya bima yenyewe, na juu yake asilimia 10. Nilichokosa ni ajali ya maana.

Dada akanisindikiza mpaka mlangoni, akanipa kipeperushi. "Mzigo ujao, Baba, kata A."

Mzigo ujao upi, dada? Hela ya mzigo ujao si ndiyo hii niliyoifuata kwako?